KUPUNGUZA KILICHOZIDI: PROGRAMU INAYOJITAZAMA NA KUMBUKUMBU YA KOMPYUTA

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Mwamanyili



Barua niliyoandikiwa ilinitaka nizungumze juu ya "kompyuta na maendeleo". Hilo ni jambo pana mno. Mtu anaweza kulizungumza tangu asubuhi hadi jioni, na wasikilizaji wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo nimeomba ruhusa, nami nimekubaliwa, nichague jambo moja dogo la ufundi na kulieleza mpaka lieleweke. Jambo lenyewe ni hili: jinsi programu ya kompyuta inavyoshika nafasi kubwa kuliko inayoihitaji, na jinsi tunavyoweza kuifanya programu hiyo hiyo ijitazame, ione palipozidi, na kurudisha kilichozidi. Vijana wa Kidato cha Kwanza wasiogope. Hesabu nitakazotumia ni za kujumlisha na kuzidisha tu.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Kabla ya hapo sisi wa huku Busega tulikuwa upande wa Magu, Mkoa wa Mwanza. Lakini iwe Mwanza au Simiyu, mtoto wa hapa amekua akiona mzigo wa pamba ukipandishwa kwenye mizani, na mzee wake akisimama karibu, macho hayaondoki kwenye mshale.

Wazee wetu walikuwa na sababu ya kukazia macho mshale ule. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye vipimo, wakataka wawepo watu wao wenyewe wa kuhakikisha uzito. Madai hayo ni miongoni mwa mambo yaliyozaa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa. Mwaka 1952 Ndugu Paul Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Naomba mlikumbuke neno hilo la kutazama ndani ya mizani, kwa maana ndilo litakalotufikisha kwenye kompyuta.

Nchi yetu nayo iliijua kompyuta mapema. Mashine ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500 kutoka Uingereza. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, baada ya gharama kuonekana kubwa kuliko manufaa. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, na leo kompyuta iko mfukoni mwa kila mwenye simu. Lakini swali la mwaka 1974 halijafa: je, kinachotumika kununulia mashine kinarudi kwa mwananchi?

Swali hilo lilinijia mimi kazini. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi na chama kikuu kimoja cha wakulima, ambacho sitakitaja. Kilikuwa na programu ya kutunza rekodi za mizani, iliyoandikwa na watu wa mbali katika lugha ya C#. Ililetwa ikiwa imekwisha kutafsiriwa tayari kwa matumizi, na maandishi yake ya asili hatukupewa. Msimu wa ununuzi ulipopamba moto, kompyuta za ofisini zilikwama kila ilipofika saa nane mchana. Wakulima waliotoka vijijini kwa baiskeli walikaa chini ya mwembe wakingoja hesabu zao, na wengine walirudi siku ya pili. Ushauri uliokuja ulikuwa mmoja: nunueni kompyuta mpya zenye kumbukumbu kubwa zaidi. Fedha zingetoka wapi? Kwenye makato ya kila kilo ya mkulima.

Kabla ya kukubali, tuliuliza: kumbukumbu iliyopo imejaa nini?

Safu inayokua ni kama kihenge

Ili jibu lieleweke, yafaa kwanza tujue programu huweka vitu vyake wapi. Zinapokuwepo rekodi nyingi za aina moja, huwekwa kwenye safu, yaani nafasi zilizofuatana bila pengo katika kumbukumbu ya kompyuta. Faida yake ni kwamba ukitaka rekodi ya 500 mashine huifikia mara moja bila kuhesabu moja moja.

Hasara ni kwamba safu haitanuki. Ni kama kihenge cha mtama. Kikijaa huwezi kukivuta kwa mikono kiongezeke. Huna budi kujenga kingine kikubwa zaidi, kuhamisha nafaka yote, ndipo ukibomoe cha zamani. Programu inayotumia safu inayokua hufanya hivyo hivyo, bila mtumiaji kuona.

Sasa, kihenge kipya kiwe kikubwa kiasi gani? Mtu mbahili atasema kiongezwe nafasi moja tu. Tumpigie hesabu. Akitaka kufikisha debe 1,000, atahamisha debe 1, kisha 2, kisha 3, mpaka 999. Ukijumlisha utapata uhamisho 499,500. Mtu mwingine atasema kila kikijaa kijengwe cha mara mbili: 4, 8, 16, 32, na kuendelea hadi 1,024. Huyu atahamisha 4, jumlisha 8, jumlisha 16, mpaka 512. Jumla ni 1,020 tu. Mnaona tofauti? Ndiyo maana orodha za C# huongezeka mara mbili kila zinapojaa, zikianzia nafasi 4. Zile za Java huanzia 10 na kuongezeka kwa nusu: 10, 15, 22, 33. Kwa hiyo nafasi ya ziada si uzembe, ni gharama inayolipwa ili kuokoa kazi ya kuhamisha.

Lakini gharama hiyo ina kikomo cha haki yake. Orodha ya C# yenye vitu 1,000 imeshika nafasi 1,024, na zilizobaki wazi ni 24. Haidhuru. Ongeza vitu 25, iwe na 1,025. Sasa imeshika nafasi 2,048, na 1,023 ziko wazi. Kama orodha ile haitaongezeka tena, basi karibu nusu ya kihenge ni hewa, na hewa ile hakuna mwingine anayeruhusiwa kuitumia.

Wa pili ni mwandishi wa programu anayekadiria mapema. Tuchukue mfano. Wakulima ni 40,000. Mwandishi anamtengea kila mmoja nafasi 128 za rekodi za mizani, kila rekodi ikiwa na baiti 64, na rekodi zenyewe zinakaa ndani ya safu. Kila mkulima anashika baiti 8,192. Wote pamoja wanashika baiti 327,680,000. Lakini mkulima wetu wa kawaida hapeleki pamba mara 128. Tuseme anapeleka mara sita. Anahitaji baiti 384, na wote 40,000 wanahitaji 15,360,000. Kilichozidi ni zaidi ya baiti milioni 312. Katika kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ya baiti bilioni moja hivi, ambayo sehemu kubwa imekwisha kuchukuliwa na mfumo wa mashine wenyewe, hapo ndipo saa nane mchana inapotokea.

Kukagua masanduku

Mtasema: basi amri itolewe, kila orodha ipunguzwe. Na amri zipo. Katika C# inaitwa TrimExcess, katika Java inaitwa trimToSize. Kazi yake ni kutengeneza safu mpya inayotosha vitu vilivyopo, kuvihamisha, na kuiacha ile ya zamani ichukuliwe na mzoa takataka, yaani sehemu ya mfumo inayokusanya kumbukumbu isiyotumika.

Tatizo letu lilikuwa kwamba orodha hizo hatukuziandika sisi. Hatukujua ziko wapi, zinaitwaje, wala zimebeba vitu vya aina gani. Na katika C# aina ni jambo la lazima: orodha ya rekodi za mizani ni aina moja, orodha ya malipo ni nyingine, na huwezi kuipa amri ya kupungua pasipo kujua aina yake wakati wa kuandika.

Hapo ndipo penye ufundi unaoitwa rifleksheni, yaani programu kujitazama wakati inafanya kazi. Wale tuliokaa bweni tunakumbuka ukaguzi wa masanduku. Mwalimu wa zamu haji na orodha ya vilivyomo. Anasimama mbele ya kila sanduku na kuuliza: la nani, lina nini, lifungue. Rifleksheni ni ukaguzi huo. Unakipa kitu chochote kilicho hai katika kumbukumbu swali hili: wewe ni wa aina gani? Kinajibu. Una nyuga zipi ndani yako? Kinazitaja, hata zile ambazo mwandishi alizifanya za faragha. Kila unapokuta orodha, unauliza tena: una amri iitwayo TrimExcess? Kama ipo, unaiita kwa jina lake, bila wewe kuwa umeijua aina ya orodha ile tangu awali.

Programu ya chama iliruhusu kuongezewa sehemu ndogo za nyongeza. Tuliwaandikia walioitengeneza, nao wakaturuhusu. Tukaandika sehemu ndogo iliyoanzia kwenye kitu kikuu cha programu na kuteremka ngazi kwa ngazi. Kwanza haikupunguza chochote. Iliandika ripoti tu: orodha hii ina vitu vingapi, na imeshika nafasi ngapi. Ripoti ile ilipowekwa mezani mbele ya Kamati ya chama, mzee mmoja aliisoma, akavua miwani, akasema, "Kumbe mizani ina mkono wa mtu." Hapakuwa na mwizi, lakini alikuwa ameelewa: kulikuwa na uzito usio wa pamba.

Ndipo tukapunguza. Kompyuta zile zile za zamani zikafanya kazi mpaka jioni, na fungu la kununua mpya likaondolewa kwenye makadirio ya mwaka ule.

Mambo ya kujihadhari

Ndugu zangu, nisije nikaeleweka kwamba nasifu panga. Kupunguza kuna masharti, na mwanafunzi anayetaka kazi hii ayaandike daftarini.

Kwanza, usipunguze kinachoendelea kukua. Ichukue ile orodha yetu ya vitu 1,025. Ukiipunguza itabaki na nafasi 1,025. Kesho akija mkulima mmoja tu zaidi, C# itazidisha mara mbili: nafasi 2,050. Umefanya kazi ya kuhamisha mara mbili, na umebaki na nafasi nyingi kuliko 2,048 ulizoanza nazo! Sisi tulipunguza orodha za vituo vilivyokwisha kufunga ununuzi. Vilivyo wazi hatukuvigusa.

Pili, kupunguza kwenyewe kunahitaji nafasi. Kihenge kipya hujengwa wakati cha zamani kingali kimesimama. Orodha nyingi ndogo hazina taabu, kwani zinapunguzwa moja baada ya moja. Lakini orodha moja kubwa sana, katika mashine iliyokwisha kujaa, inaweza kuiangusha programu kabla haijaiokoa.

Tatu, ujue amri yako inafanya nini hasa. TrimExcess ya C# haifanyi chochote kama orodha imejaa kwa asilimia 90 au zaidi, kwa sababu faida isingelipia kazi. Katika lugha ya Go iko amri iitwayo Clip, iliyoingizwa mwaka 2023, ambayo jina lake lingekufanya udhani inarudisha kumbukumbu. Hairudishi. Inabadilisha kibao cha mlangoni kisomeke kwamba nafasi ni chache, lakini ghala nyuma yake ni lile lile. Ukitaka kumbukumbu irudi, lazima unakili vitu kwenye safu mpya na kuiacha ya zamani.

Nne, vitu huelekezana. Mkulima anaelekeza kwenye kituo chake, na kituo kinaelekeza kwa mkulima. Mkaguzi asiyeweka alama kwenye masanduku aliyokwisha kukagua atazunguka bweni mpaka kesho. Hali kadhalika, usimkague mtu akiwa anapanga vitu vyake. Ikiwa sehemu nyingine ya programu inaandika kwenye orodha wakati wewe unaipunguza, rekodi zinaweza kupotea. Na rekodi ya mizani ikipotea, amepotelewa mkulima.

Tano, rifleksheni ni ya polepole ukiilinganisha na kuita amri moja kwa moja. Itumike mara moja kwa siku, kazi ikiwa imetulia. Isitumike kwa kila rekodi inayoingia.

Mlango usio wako

Lipo jambo la sita, nalo si la hesabu. Mwandishi anapoufanya uga kuwa wa faragha, anasema: hapa ndani ninaweza kubadilisha mambo bila kukuarifu. Ukiingia kwa rifleksheni, unaingia nyumba ambayo mwenyewe anaweza kuhamisha mlango usiku. Toleo jipya likija, sehemu yako ya nyongeza inaweza kushindwa kufanya kazi, na hutakuwa na wa kumlaumu. Watengenezaji wa Java wamelitilia mkazo jambo hili. Orodha yao ya kawaida haina amri ya kukuambia imeshika nafasi ngapi, na tangu toleo la 16 la mwaka 2021 anayetaka kuchungulia ndani yake kwa rifleksheni hukataliwa, mpaka yule anayeiendesha programu afungue mlango kwa amri ya makusudi. Naona ni haki. Ruhusa itoke kwa mwenye nyumba, si kwa mpita njia.

Ndiyo maana nasema rifleksheni ni dawa, si chakula. Chakula ni kuwa na maandishi ya asili ya programu tunazozitegemea. Zipo za namna hiyo, na zimetumika karibu nasi. OpenMRS, ya kutunza rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. DHIS2, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hutumika kukusanya takwimu za afya katika nchi nyingi, yetu ikiwemo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kazi hiyo. Zote mbili zimeandikwa kwa Java, na maandishi yake yako wazi kwa yeyote mwenye kutaka kusoma. Kwenye programu ya namna hiyo huna haja ya kupitia dirishani. Ukiona mahali mwandishi ametenga nafasi 128 wakati sita zinatosha, unasahihisha namba hiyo, unawapelekea wenzako, na kesho yake anafaidika mtu wa Eldoret na wa Bariadi pia. Kupunguza kuzuri kuliko kote ni kukadiria vizuri tangu mwanzo.

Kwenu vijana

Najua baadhi yenu mnajiuliza: kompyuta za leo zina kumbukumbu tele, ya nini kuhangaika na baiti? Nawajibu kwamba kumbukumbu ni tele dukani, na duka liko mbali. Programu mtakazoandika hazitatumiwa na wenye mashine mpya peke yao. Zitatumiwa na karani wa chama mwenye kompyuta aliyoirithi, na na mama wa Nyashimo mwenye simu ya bei nafuu ambayo ameinunua kwa fedha ya dagaa. Kila baiti unayoishika bila haja, unaishika kwenye mashine ya mtu mwingine, kwa gharama yake, bila yeye kujua.

Hakuna kati ya haya niliyoyasema linalohitaji mtambo mkubwa ili mtu ajifunze. Linahitaji mtu aliyezoea kuuliza: hiki kimeshika nafasi ngapi, kinatumia ngapi, na je, kitaongezeka? Mtu anayeuliza hivyo kwanza, kisha akapima, kisha akaomba ruhusa, huyo ndiye apewe kazi ya kupunguza. Anayekata kabla ya kutazama ataleta hasara kubwa kuliko ile aliyoikuta.

Wenzangu wa zamani, nasi tunalo la kufanya. Baadhi yetu tumo katika ofisi zinazonunua programu. Tunapotia sahihi mkataba, tudai maandishi ya asili, au angalau haki ya kukagua. Wazee wetu walidai haki hiyo kwenye mizani ya pamba wakati hawakuwa na madaraka yoyote. Itakuwa aibu sisi wenye kalamu mkononi tusiidai kwenye mizani ya leo.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona umeangalia saa, nami naomba kuishia hapo. Mwenye swali aniulize wakati wa chai, na mwenye kalamu na karatasi nitamchorea kihenge chenyewe.